Aliumia au Aliumizwa?

Kuna aina ya stori ambayo mpenda riadha yeyote Kenya ameiona mara hamsini. Kamera inamfuata bingwa wa zamani mpaka kwake. Inaanzia kwa geti, inapita kuku wawili, inaingia sebuleni ambako medali zimening'inia kwa msumari mmoja na kalenda ya duka la mbolea. Bingwa anaketi kwa kochi lenye vitambaa. Ana miaka arobaini na kitu, lakini msimulizi anamwita mzee. Kinanda cha huzuni kinaingia chini chini, halafu swali lenyewe: "Ulikosea wapi?"

Jibu linajulikana kabla hajafungua mdomo. Pombe. Pesa za ghafla. Marafiki wabaya. Mke, au wake. Akisema goti, mtangazaji anaitikia kwa heshima halafu anarudi kwa pesa. Akisema mgongo, tunapelekwa kwa shamba lililouzwa. Nimetazama hizi video usiku mwingi sana, na sisemi kwamba zinadanganya kila mara. Kuna waliokunywa, kweli. Kuna walioibiwa na ndugu zao wa damu. Shida yangu ni kwamba stori huwa imeshaandikwa kabla ya mtu kufikiwa, na mwili wake haumo ndani. Mtu aliyeishi kwa miguu yake anahojiwa dakika ishirini na hakuna anayeuliza miguu hiyo ilifanyiwa nini.

Nataka kuibomoa hiyo stori kidogo, na nitaanzia mbali, kwa mchezo ambao hapa Ndithini sijaona mtu akiucheza.

Besiboli. Ngoja, usiondoke.

Mimi nalipwa kwa makala, na naishi kwetu, upande huu wa Masinga, kwa sababu nyumba ya mama haina kodi. Bando ya usiku ni bei rahisi, na mtu mwenye bando ya usiku hupelekwa na intaneti mahali inapotaka yenyewe. Mimi ilinipeleka kwa warushaji. Mrushaji katika besiboli ni yule anayesimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji aliye mita 18 na kidogo mbele yake. Wazuri wanapita kilomita 150 kwa saa. Mchezo mzima unamngoja yeye; asiporusha, hakuna kinachotokea. Na kila mrusho unavuta kano moja nyembamba upande wa ndani wa kiwiko. Kano hiyo inavumilia, inavumilia, halafu siku moja inakatika.

Mwaka 1974 ilimkatikia Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers. Enzi hizo kukatika kulikuwa ni kwenda nyumbani. Daktari aitwaye Frank Jobe akatoa kano kwenye mkono wake wa kulia, akaipandikiza kwa kiwiko cha kushoto, na watu wakangoja waone. John alirudi uwanjani 1976, akacheza mpaka 1989, na akashinda mechi 164 baada ya kisu. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake. Jamaa amebaki kwenye lugha kwa pale alipovunjika.

Lakini aliyenishika si yeye. Ni Mark Prior wa Chicago Cubs.

Msimu wa 2003 Prior alikuwa na miaka 22, akafikisha 23 msimu ukielekea kuisha. Alishinda mechi 18, akapoteza 6. Cubs hawakuwa wamechukua ubingwa tangu 1908, kwa hiyo mashabiki walikuwa wanamwangalia huyo kijana jinsi sisi huku tunavyoangalia mawingu ya Novemba. Kocha wake, Dusty Baker, akamwacha arushe. Septemba hiyo alivuka mirusho 120 katika mechi moja, halafu akavuka tena, halafu tena. Msimu uliofuata mwili ukaanza kudai deni: kisigino, kiwiko, mwishowe bega. Mechi yake ya mwisho kwenye ligi kuu ilikuwa Agosti 2006. Hakuwa amefika miaka 26. Kwenye timu hiyo hiyo kulikuwa na Kerry Wood, ambaye akiwa na miaka 20 aliwatoa wapigaji 20 katika mechi moja, Mei 1998, na mwaka uliofuata akawa mezani kwa upasuaji wa Tommy John.

Kuumia hakukunishangaza. Watu wanaumia. Kilichonishangaza ni mazungumzo ya baadaye. Zaidi ya miaka ishirini imepita na wasee bado wanabishana kuhusu mirusho ya Prior: ilikuwa mingapi, tarehe ngapi, kocha alikuwa anaangalia wapi. Ukisoma makala kuhusu Prior, jina la Baker halikawii kuingia. Na si haki kabisa kwa Baker. Julai 2003 Prior aligongana na mchezaji wa timu pinzani uwanjani akiwa anakimbia, na 2005 mpira uliopigwa ulimrudia ukamvunja kiwiko. Prior mwenyewe amesema hamlaumu kocha. Sawa. Lakini sikiliza swali wanalouliza watu wale. Hawamwulizi Prior alikosea wapi. Wanauliza ni nani alikuwa anahesabu.

Sasa turudi nyumbani, na tuanze na lugha, kwa sababu naona tatizo limejificha hapo.

Kiswahili kinakuruhusu kusema "aliumia." Ni kitenzi kinachojitosheleza. Mwili uko peke yake chumbani, umeanguka, hakuna mtu mwingine. Ongeza herufi mbili tu: "aliumizwa." Ghafla kuna mtu wa pili mle chumbani, hata kama hajatajwa jina, na msomaji anaanza kumtafuta kwa macho. Hiyo -w- ndogo inafanya kazi ya upelelezi. Sasa chukua makala yoyote ya bingwa aliyefifia, ya gazeti au ya video, na usikilize vitenzi. Alipotea. Alizima. Aliisha. Alijiharibu. Alilewa sifa. Mtendaji ni yeye, mtendwa ni yeye, shahidi ni yeye. Hata pale anaposema kinywani mwake kwamba alikuwa anakimbizwa kila wikendi, msimulizi anatafsiri: "alikimbia mbio nyingi." Bana, nani hukimbia mbio nyingi Ulaya bila mtu kumkatia tiketi?

Mfano mkubwa kuliko wote ni Daniel Komen. Kama ulizaliwa baada ya 2000 huenda unamjua kama jina tu, lile jina ambalo watangazaji hulitaja na kushusha sauti. Alizaliwa 1976. Mwaka 1994, kule Lisbon, akawa bingwa wa dunia wa vijana kwa mita 5,000 na kwa mita 10,000, zote mbili. Mwaka 1996 hakuingia kwenye timu ya Olimpiki ya Atlanta. Basi angalia alichofanya msimu huo huo. Agosti 10, Monaco, mita 3,000 kwa 7:25.16, akikosa rekodi ya dunia kwa sehemu tano za mia ya sekunde. Siku nne baadaye, Zurich, mita 5,000 kwa 12:45.09, akimwacha Haile Gebrselassie nyuma. Septemba 1, mji mdogo wa Italia uitwao Rieti, mita 3,000 tena: 7:20.67. Hiyo ni mizunguko saba na nusu, kila mmoja chini ya sekunde 59 kwa wastani. Rekodi hiyo ilikaa miaka 28. Walikuja Wahabeshi, wakaja Wamoroko, wakaja Wakenya wenzake, wakaiacha pale pale, mpaka Jakob Ingebrigtsen wa Norway alipoivunja Agosti 2024.

Mwaka 1997 ndio unaonikosesha usingizi. Julai 19, Hechtel, Ubelgiji: maili mbili kwa 7:58.61, yaani maili mbili mfululizo kwa wastani wa chini ya dakika nne kila moja. Agosti 10, Athens: bingwa wa dunia wa mita 5,000. Agosti 13, Zurich, siku tatu tu baada ya fainali ya dunia: 12:44.90, wa pili nyuma ya Gebrselassie, ambaye ilibidi avunje rekodi ya dunia ili kumshinda. Agosti 22, Brussels: 12:39.74, na rekodi ikahama, ikawa ya Komen.

Soma hizo tarehe za Agosti tena polepole. Siku 13. Na tena fainali ya Athens ilitanguliwa na mbio za mchujo. Februari 1998 yuko Budapest, ndani ya ukumbi, anavunja rekodi ya mita 3,000 ya ndani kwa 7:24.90. Septemba 1998 anachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Kuala Lumpur. Ana miaka 22. Baada ya mwaka huo hakuvunja tena rekodi ya dunia.

Sasa mwulize mtu Komen alienda wapi. Nilisikia moja kwa kinyozi, kwa sauti ya mtu anayejua: "Huyo aliona pesa akazima." Nilimwuliza anamaanisha pesa ngapi na lini. Akasema hiyo iko wazi. Hiyo "iko wazi" ndiyo ushahidi wote niliowahi kupewa na mtu yeyote wa kinyozi, wa matatu, au wa maoni chini ya video.

Sisemi ratiba peke yake ndiyo iliyommaliza. Mwili wa mtu haufungwi na sababu moja, na Prior ni ushahidi wa hilo. Lakini anayesimulia maisha ya Komen bila ile kalenda ya Agosti 1997 ni kama anayesimulia ajali bila kutaja barabara. Na kalenda ile haikujiandika. Mashindano ya Ulaya yana waandaaji wanaolipa ili mtu fulani aonekane. Yana bonasi za rekodi. Yana wale wanaolipwa kuvuta kasi kwa mizunguko ya kwanza. Wakala hula asilimia ya anachopata mkimbiaji, kwa hiyo mkimbiaji akipumzika wiki tatu, kuna watu kadhaa ambao mshahara wao umepumzika naye. Kijana wa miaka 21 aliye kwenye umbo la maisha yake haambiwi apumzike na mtu anayemtegemea asipumzike. Mimi ningekuwa yeye ningekimbia pia. Nani angekataa? Ndiyo maana uamuzi haufai kuachiwa mkimbiaji peke yake, na ndiyo maana Wamarekani, baada ya kuvunja vijana wengi sana, walianza kuhesabu.

Kwetu Machakos, jina ni Cosmas Ndeti. Wazee bado wanalitaja kwa fahari, kama mtu anayetaja shamba la babu. Alishinda Boston 1993, 1994 na 1995, mara tatu mfululizo. Muda wake wa 1994, 2:07:15, ulikaa kama rekodi ya njia ile mpaka 2006, na Robert Cheruiyot alipokuja kuuvunja aliuvunja kwa sekunde moja tu. Sekunde moja, baada ya miaka 12. Mwaka 1996, Boston ilipokuwa inafanyika kwa mara ya mia, Ndeti alikuwa wa tatu, na hakushinda tena pale. Njia ya Boston inaanza kwa kuteremka, kilomita baada ya kilomita, na mwenye kujua marathoni atakuambia kuteremka kunapasua mapaja kuliko kupanda. Halafu vilima vinakungoja mbele, mapaja yakiwa yameshaenda. Kuifanya hiyo mara moja na kushinda ni maajabu. Yeye aliifanya mara tatu katika miaka mitatu.

Kuhusu Ndeti, kauli ninayosikia huku ni "alichoka." Naipenda kuliko zile nyingine. Angalau kuna mwili ndani yake. Lakini hata hiyo, sijawahi kusikia mtu akisema "alichoshwa."

Kwa Pamela Jelimo hatukuwa na huruma hata hiyo. Mwaka 2008 alikuwa na miaka 18, alikuwa ameingia mita 800 mwaka huo huo, na alishinda kila mahali. Dhahabu ya Beijing kwa 1:54.87, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke Mkenya. Siku chache baadaye Zurich, 1:54.01. Halafu akajinyakulia peke yake dola milioni moja za Golden League, ambazo enzi hizo hukupewa usiposhinda mikutano yote. Mwaka uliofuata, kwenye ubingwa wa dunia Berlin, hakumaliza nusu fainali. Nchi nzima ikageuka mhasibu. Watu ambao hawakuwahi kuuliza msichana wa miaka 18 amekimbizwa mara ngapi kati ya Aprili na Septemba walijua hasa dola milioni moja zimemfanya nini kichwani. Alirudi 2012 akawa bingwa wa dunia wa ndani ya ukumbi, Istanbul. Hiyo haikupata kinanda wala kochi, kwa sababu haikutosha kwenye stori.

Usidhani hili ni jambo la mabingwa tu. Shuleni nilikuwa na jamaa tuliyekaa naye dawati moja, na alikuwa na miguu kweli. Msimu wa riadha ulikuwa hivi: Ijumaa mchujo wa mita 800 na 1,500, Jumamosi fainali zake, halafu mita 5,000, halafu anaitwa kwa kupokezana vijiti kwa sababu timu ina watu watatu. Hiyo ni kanda. Wiki inayofuata kaunti ndogo, kisha kaunti, ratiba ile ile, uwanja wa murram, viatu vya kuazima. Pointi zilikuwa za shule na kikombe kilikuwa cha shule. Kidato cha tatu muundi ulianza kumuuma, maumivu yale ambayo ukigusa mfupa kwa kidole kimoja unaruka. Akapakwa dawa ya kuwasha na kuambiwa ajikaze. Alikimbia kaunti hivyo hivyo. Mwaka wa mwisho hakuweza hata mazoezi, na kwenye mkutano wa shule tukasikia kwamba kuna watu wenye vipaji ambao "wamelegea." Wamelegea! Siku hizi anaendesha boda, na asubuhi za baridi ukimwangalia vizuri utaona anavyoupanda upande mmoja tu.

Nami nina kitenzi changu. Huku naitwa yule kijana aliyekuwa na kichwa "akaacha chuo." Aliacha, kana kwamba kilikuwa ni kikombe cha chai kwa meza. Ukitaka kusema "aliachishwa" itabidi utaje karo, muhula uliofungiwa mlango wa mtihani, na mambo mengine ambayo mtu wa boda hana muda wa kuyasikiliza kabla hujafika. Naelewa. Stori fupi husafiri vizuri.

Sasa mtu atanibishia, na ana haki: hao Wamarekani wanahesabu kila kitu na viwiko bado vinakatika. Kweli kabisa. Stephen Strasburg wa Washington Nationals alifanyiwa Tommy John 2010. Mwaka 2012 timu ilimsimamisha Septemba, huku ikielekea kwenye mechi za mtoano, ili tu kuulinda mkono wake. Watu walipiga kelele. Mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa fainali ya World Series, akapewa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 245. Baada ya kuusaini alicheza mechi nane tu, akastaafu 2024. Desemba mwaka huo huo ligi kuu ya Marekani ilitoa ripoti ndefu kuhusu majeraha ya warushaji, na lawama kubwa ikawa juu ya mbio za kutafuta kasi, kila mrusho kwa nguvu zote. Yaani walihesabu mirusho, mirusho ikapungua, halafu kila mmoja ukawa mkali zaidi. Soko lilipita pembeni mwa hesabu. Ukipunguzia matatu idadi ya abiria, dereva ataongeza mwendo.

Na kuna njia ya tatu ya kusimulia, ya Wajapani, ambayo inanitisha zaidi kwa sababu ni tamu. Mwaka 1998, kwenye mashindano ya shule za upili yanayoitwa Koshien, kijana aitwaye Daisuke Matsuzaka alirusha mirusho 250 katika mechi moja iliyoenda awamu 17. Taifa likalia kwa furaha. Akawa shujaa kwa sababu ya ile 250, si licha yake. Ilichukua mpaka 2020 ndipo wakaweka kikomo cha mirusho 500 kwa wiki kwa watoto wa shule. Sisi tuna kipande cha hiyo pia. Tunapenda mkimbiaji aanguke baada ya mstari.

Kwa hiyo sitetei hesabu kama dawa. Nazitetea kama namna ya kuandika. Mwandishi Jeff Passan alitoa kitabu 2016, The Arm, na kinachonifanya nikisifu ni kitu cha kawaida kabisa: anakaa na mwili. Anawafuata warushaji wawili, Daniel Hudson na Todd Coffey, wote wakirudi kutoka upasuaji wao wa pili wa kiwiko kile kile. Miezi inapita mtu akijifunza upya kurusha, na Passan haondoki. Hudson alifanikiwa, miaka mitatu baada ya kitabu ndiye aliyerusha mpira wa mwisho wa World Series ya 2019. Coffey hakurudi ligi kuu. Passan hangeweza kujua hayo alipoanza, na hiyo ndiyo nguvu ya kitabu: hakimtendei anayeshindwa kama mkosaji. Kwa Coffey hakuna kinanda. Kuna kiwiko, kuna madaktari, kuna pesa za nani na uamuzi wa nani.

Sijaona kitabu kama hicho kuhusu goti la Mkenya. Tuna vitabu vingi vya wageni wanaokuja Iten kutafuta siri ya kushinda: ugali, mwinuko, kukimbia kwenda shule. Siri ya kuisha haijamvutia mtu.

Na mkono wa Afrika Mashariki tayari umeingia kwenye hesabu za watu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza World Series ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12 kikomo ni mirusho 85 kwa siku, na akivuka 65 hapandi tena kile kichuguu mpaka apumzike siku nne. Kuna mtu anayeandika kila mrusho. Ukifika kikomo unamaliza mpigaji aliye mbele yako halafu unatoka, hata kama mnashinda, hata kama mama yako amesafiri kutoka mbali. Mwaka 2022 Dodgers wakawasajili Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Na kocha wa warushaji wa Dodgers, tangu 2020, anaitwa Mark Prior. Ndiyo, yule yule.

Basi wewe mwenzangu mwenye kamera, najua utaenda tena, na mimi nitatazama tena, bando ikiwepo. Ukifika kwa bingwa, acha kuku. Beba kalenda ya mwaka wake mkubwa, uiweke kwa meza, na mpitie naye wiki kwa wiki. Hapa ulikimbia wapi? Hapa ulilala ndege gani? Nani alisaini hii? Hii ulikuwa tayari unaumwa? Ulimwambia nani, na alikujibu nini? Alipata asilimia ngapi? Daktari alikuwa wa nani, wako au wa mkutano? Halafu umwache azungumze kuhusu goti mpaka amalize.